Kompyuta Moja Katika Shule ya Keriko

Wazazi wengi wa Nakuru na Njoro huuliza: Je, mtoto asomaye shule ya kutwa ya kijijini aweza kutayarishwa kwa kazi za mitambo ambayo sisi wenyewe hatujaiona bado? Swali hili ni la haki, maana kazi za namna hiyo zimekwisha fika karibu nasi. Huko Olkaria, upande wa Naivasha, mvuke utokao chini ya ardhi umekuwa ukileta umeme tangu mwaka 1981, na wanaoiangalia mitambo ile hawana budi kujua hesabu na fizikia.

Na tuitazame shule ya sekondari ya Keriko, iliyo katika kijiji cha Pwani karibu na Njoro (jina hilo lisimpoteze msomaji, bahari iko mbali sana). Mwaka 2019 shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu, intaneti dhaifu, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja.

Mwalimu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha hesabu na fizikia hapo, hakungoja mashine nyingine ziletwe. Alikuwa akienda mahali penye intaneti, akichukua mafunzo aliyoyahitaji na kuyahifadhi, kisha akarudi kuyaonyesha darasani pasipo kuhitaji intaneti tena. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri. Kompyuta ilimsaidia mwalimu kuonyesha; haikuwafanyia wanafunzi kazi ya kufikiri. Kazi hiyo waliifanya wenyewe katika chama chao, wakibuni vitu kwa mikono yao. Kimoja kilikuwa chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, nacho kilionyeshwa katika maonyesho ya sayansi ya Kenya mwaka 2018. Wengine walitoa umeme katika mimea, wakatuzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza. Machi 2019, huko Dubai, Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye dola milioni moja.

Isidhaniwe kwamba kompyuta moja yatosha. Bidii ya mwalimu mmoja haiwaondolei wenye mamlaka wajibu wa kuzipa shule vifaa. Lakini tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10, kila mtoto huchagua njia yake: sayansi na teknolojia, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Mzazi atakayemkataza mwanawe njia ya sayansi kwa kuwa shule iliyo karibu haina kompyuta nyingi, kwa maoni yetu amefanya haraka. Kwanza aende amwulize mwalimu: Je, wanafunzi huvishika vifaa vilivyopo kwa mikono yao wenyewe, au hutazama tu? Chama cha sayansi kipo? Na mwaka uliopita walipeleka nini kwenye maonyesho?