Kwa Nini Watu Wanaacha Mlima na Kwenda Mjini?



Ukipita stendi ya mabasi ya Kamembe siku ya Jumatatu alfajiri utawaona. Kijana ana mfuko mmoja wa nguo na simu ndogo mkononi, anangoja basi la Kigali. Nyuma yake amesimama mama yake, aliyeshuka naye kutoka mlimani kumsindikiza. Basi halijaondoka, mama amekwisha kugeuka, kwani anatakiwa awahi kwenye chai kabla kapita hajamwandika kuwa hayupo.

Watu wengi, hata viongozi wetu wengine, hupenda kusema kwamba vijana hawa ni wavivu, wanakimbia jembe, wanafuata taa za umeme na starehe za mjini. Maneno haya nimeyasikia tangu utoto wangu na mimi siyakubali. Mwaka 2000 nami nilipanda basi hapo hapo Kamembe, nikavuka msitu wa Nyungwe huku nikitapika, nikaenda Kigali kuwa ayede, yaani msaidizi wa fundi mwashi. Taa za umeme niliziona kweli, lakini niliziona nikiwa nimelala juu ya mifuko ya saruji.

Basi tuulize vizuri. Kitu gani kinamtoa mtu kwao?

ARI NANE

Babu yangu alikuwa na shamba la hekta mbili hivi. Watoto wake wanne wa kiume waligawana, baba yangu akapata nusu hekta. Sisi tumezaliwa sita, wavulana watatu na wasichana watatu. Tangu sheria ya urithi ya mwaka 1999 dada zetu nao wana fungu lao, na ni haki yao, maana ndio waliolima kuliko sisi. Gawanya sasa, ndugu msomaji. Kila mmoja anabaki na ari nane, yaani kipande cha hatua thelathini kwa ishirini na nane. Humo upande maharage, mihogo na migomba, ujenge nyumba na choo, na ng'ombe umfunge wapi?

Sheria za ardhi za mwaka 2005 na 2013 zilikataza kuligawa shamba likawa chini ya hekta moja. Lakini tumbo halisomi sheria. Watu waligawana kwa maneno tu, mbele ya mashahidi wa ukoo, na maisha yakaendelea.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Wanyarwanda zaidi ya milioni 13, yaani watu zaidi ya 500 katika kila kilometa moja ya mraba. Wilaya yetu ya Rusizi ilikuwa na watu wapatao 400,000 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 485,000. Mlima wenyewe haukuongezeka hata hatua moja. Kijana mwenye ari nane akiondoka, msimwambie kwamba amelikimbia shamba. Shamba ndilo lililomkimbia.

WAZEE WETU WALIVUKA RUSIZI

Jambo hili halikuanza leo. Wazee wa Kinyaga, hilo ndilo jina la zamani la Cyangugu, walikuwa wakivuka mto Rusizi tangu wakati wa Mbelgiji. Bukavu wakati huo uliitwa Costermansville. Wazungu walikuwa wakijenga mji na kulima kahawa na miti ya kwinini, nao walitaka mikono. Huku kwetu kulikuwa na kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha, na mtu maskini fedha ataitoa wapi? Kulikuwa na uburetwa, kazi ya bure kwa chifu, ambayo mwaka 1949 iligeuzwa kuwa malipo ya fedha. Kulikuwa na kazi za lazima za serikali, na kiboko. Juu ya hayo yote ikaja njaa ya Rwakayihura mwaka 1928 na 1929, halafu ile ya Ruzagayura mwaka 1943 na 1944.

Wengi wa sehemu nyingine za nchi walitembea kwa miguu mpaka Uganda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Baganda. Wengine walichukuliwa kwa mikataba na kampuni ya Union Minière mpaka migodi ya shaba ya Katanga. Watu wa kwetu walikwenda karibu, Bukavu. Mzee mmoja wa Bugarama aliniambia habari za baba yake: "Mwanangu, kazi ya Bukavu ilikuwa ngumu sawa na ya hapa. Ila kule, siku ya malipo ikifika, ulipewa kitu mkononi."

Nimefikiri sana juu ya maneno ya mzee huyu. Hakutaja taa wala starehe. Alitaja kitu mkononi.

Nao ulimwengu mzima umepita njia hiyo. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, matajiri waliyazungushia ua mashamba yaliyokuwa yakilishwa na watu wote. Maskini waliobaki bila malisho wakajaza viwanda vya nguo vya Manchester. Katika Afrika ya Kusini sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi yao, na ndipo migodi ya dhahabu ilipopata watu wa kushuka shimoni kwa mshahara mdogo. Siku hizi nchini China wafanyakazi waliotoka vijijini wanakaribia milioni 300. Umoja wa Mataifa unasema kwamba mwaka 1950 watu watatu tu katika kila kumi duniani walikaa mijini. Kuanzia mwaka 2007 hivi, wa mijini wamewazidi wa vijijini. Hapa Rwanda waliokaa mijini walikuwa asilimia 16.5 mwaka 2012, na asilimia 27.9 mwaka 2022. Kigali, uliokuwa na watu wapatao 6,000 tu wakati wa uhuru mwaka 1962, sasa umepita milioni moja na nusu.

Serikali nyingi zilijaribu kufunga mlango. China iliweka daftari la makazi mwaka 1958, mtu wa kijiji akaandikwa kuwa wa kijiji hata akifanya kazi mjini miaka ishirini. Afrika ya Kusini ilikuwa na pasi mpaka mwaka 1986. Hata kwetu, chini ya utawala wa Habyarimana, kukaa Kigali kulitaka kibali, na asiyekuwa nacho alikamatwa na kurudishwa mlimani. Je, watu waliacha kwenda? Hapana. Walikwenda wakajificha. Na mtu anayejificha hadai mshahara, hashtaki, hajiungi na chama. Mwajiri gani mbaya asiyempenda mtu wa namna hiyo?

LAKINI KAZI SI IPO HAPA?

Mtu ataniuliza: Rusizi si kuna kazi? Ipo. Kuna chai ya Shagasha. Kuna mpunga wa bonde la Bugarama. Kuna saruji ya CIMERWA kule Muganza, iliyoanza kutoka mwaka 1984. Tangu mwaka 2013 serikali imeiweka Rusizi katika miji sita ya kusaidia Kigali, na majengo ya Kamembe tunayaona yakipanda.

Tuitazame kazi yenyewe. Mchumaji wa chai analipwa kwa kilo. Wakati wa mvua majani ni tele, na mwenye mikono myepesi anajaza kikapu mara mbili tatu. Ukifika Juni, Julai na Agosti jua linakausha, majani yanapungua, na mshahara unapungua pamoja nayo. Ada ya shule na bima ya afya hazipungui. Mpunga ni hivyo hivyo: kupandikiza, kupalilia, kufukuza ndege, kuvuna, halafu nyakabyizi anakaa nyumbani akingoja msimu. Kiwanda cha saruji kilipata mtambo mpya mwaka 2015, wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka. Ni jambo zuri kwa nchi, lakini mitambo ya siku hizi inataka watu wachache wenye diploma, si wengi wenye nguvu.

Tena kuna suala la kima cha chini cha mshahara, ambalo wasomaji wa ukurasa huu wamechoka kulisikia, nami sitachoka kulisema. Frenki 100 kwa siku iliwekwa zamani, wakati baadhi yetu tulikuwa bado tunanyonya. Leo hainunui hata yai moja. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimwachia Waziri aweke kima kipya kwa amri yake, na miaka ikapita tukiendelea kuuliza. Ni kweli hakuna anayelipa frenki 100 siku hizi. Lakini tunapokaa mezani na mwajiri hatuna sakafu ya kusimamia; yeye anataja bei na sisi tunaomba nyongeza.

Na Bukavu je? Mji mkubwa ulio karibu nasi uko nchi nyingine, ng'ambo ya daraja. Mama wa Kamembe anavuka asubuhi na nyanya, maziwa au samaki, jioni amerudi kupika. Huyu naye ni mhamiaji, ila anahama na kurudi siku moja. Njia hiyo ni fupi kuliko ya Kigali lakini inakatika haraka. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na akina mama waliokuwa na mtaji kidogo wakaula ukaisha. Februari 2025 M23 walipouchukua mji wa Bukavu, biashara ilitetemeka tena. Kila mara daraja likitikisika, mabasi ya Kigali yanajaa.

KINACHOPOTEA NJIANI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kule Kigali nilifanya kazi kwa mkandarasi mmoja kwa miezi minane. Malipo yalikuwa ya kenzeni, kila siku kumi na tano. Kenzeni mbili za mwisho hazikulipwa. Asubuhi moja tulifika tukakuta geti limefungwa na mkandarasi hapokei simu. Nilipokwenda kushtaki niliulizwa: una mkataba? Sina. Jina lako liko wapi? Katika daftari la kapita. Daftari likapatikana. Mle ndani sikuandikwa jina langu. Niliandikwa "Cyangugu". Tulikuwa watatu tulioandikwa Cyangugu, namba moja, mbili na tatu. Nenda ukamweleze hakimu kwamba wewe ndiye Cyangugu namba mbili.

Mimi nilipoteza kenzeni mbili. Wengine wanapoteza uzee wao. Namjua mzee aliyechuma chai miaka tisa, akajenga Kigali miaka saba, akawa mlinzi wa usiku miaka mitano. Jumla miaka ishirini na mmoja. Alipofika miaka 60 alikwenda ofisi ya hifadhi ya jamii, RSSB, akaambiwa michango yake iliyoandikwa ni ya miaka sita. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miaka 15. Asiyeitimiza hupewa kiasi chake mara moja, basi. Kwa fedha ile mzee aliezeka nyumba kwa mabati, na leo anaomba chumvi kwa mkwe wake.

Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda, kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Fedha inayokatwa kwako sasa ni maradufu. Je, umekwenda kutazama kama inafika? Usingoje miaka 60. Nenda ofisi ya wilaya na kitambulisho chako mwaka huu, uulize imeandikwa miezi mingapi na mwajiri gani. Sheria ya mwaka 2018 inasema kazi inayozidi siku 90 mfululizo lazima iwe na mkataba wa maandishi. Ukiacha kazi, una haki ya kupewa cheti cha kazi uliyoifanya. Wengi wetu tunaondoka shambani usiku kama wezi, tunaona haya kumwaga kapita, na cheti tunakiacha huko huko.

Sisi wa chama tuna kosa letu pia. Kwa miaka mingi kijana wa chai akienda Kigali tulipiga mstari juu ya jina lake, tukasema amepotea. Hatukumpa hata jina la mwenzetu mmoja wa kule wa kumpokea. Kumbe ndiyo saa aliyotuhitaji zaidi, kwa kuwa shambani alijulikana ukoo wake wote, na kule mjini hakuna hata anayelijua jina lake.

Jumatatu iliyopita nilikaa na mmoja wao pale stendi. Ana miaka kumi na tisa, anakwenda kuwa ayede kama mimi. Nilimwuliza kama mlimani amebakiwa na kitu. Akanijibu, "Mzee, tuko saba, na shamba ni lile unaloliona nyuma ya nyumba ya mama." Sikumzuia. Nilimwonyesha jinsi ya kupiga picha kwa simu yake ukurasa wa daftari la kapita kila siku ya kenzeni, jina lake kamili likiwa linasomeka. Nikamwandikia namba ya simu ya ndugu yetu mmoja wa ujenzi kule Kigali. Akaisoma kwa sauti mara mbili, akauliza kama ndugu huyo anapokea hata usiku. Nikamwambia anapokea. Dereva akapiga honi, naye akapanda na mfuko wake.