Viwanja vya Ndege Vilivyoachwa

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, Waingereza walijenga mamia ya viwanja vya eropleni katika nchi yao. Vingi vilikuwa upande wa mashariki, ulio karibu na Ujerumani. Vita ilipokwisha, vingi havikuwa na kazi tena. Wakulima wakarudi kulima, na saruji nyingi ikavunjwa ikatiwa barabarani. Leo apitaye hapo kwa miguu huenda asione ila ngano. Lakini atazamaye picha iliyopigwa kutoka angani aweza kujua kwamba palikuwa kiwanja. Hujuaje?

Kwanza, huangalia umbo. Eropleni huruka vizuri ikiukabili upepo, na upepo hugeuka. Kwa hiyo kiwanja cha eropleni kubwa za mabomu kilipewa njia tatu zilizokatana: moja ya yadi 2,000 hivi, na mbili za yadi 1,400 hivi. Zikitazamwa kutoka juu, hufanana na herufi A. Njia nyembamba ilizizunguka kama mshipi, na kando yake palikuwa na vituo vya kuwekea eropleni, kila kimoja mfano wa kikaango chenye mkono. Vilitengwa mbalimbali, ili bomu moja la adui lisiharibu eropleni nyingi pamoja.

Pili, huangalia rangi ya mimea. Hata saruji ikiondolewa, mawe na udongo ulioshindiliwa hubaki chini. Mizizi haipenyi sana, wala haipati maji ya kutosha. Basi wakati wa ukame mimea ya hapo hukauka kwanza, na njia ya zamani huonekana kama mstari wa manjano katikati ya shamba la kijani.

Tatu, huangalia vilivyojengwa baadaye. Mahali pengine mabanda marefu ya kuku au bata mzinga yamepangwa safu juu ya saruji ya kale, yakifuata mwendo wake.

Walakini alama moja haitoshi. Barabara ya kale ya Warumi nayo ni mstari ulionyoka. Mwenye busara hulinganisha picha mpya na picha na ramani za zamani, kisha ndipo hukata shauri.

Kazi hii si mchezo. Chini ya viwanja vingine yalifukiwa mabomba yenye baruti, ili kuharibu kiwanja kama adui angekuja kukiteka, na baadhi yake yalionekana miaka mingi baada ya vita. Atakaye kujenga hapo hana budi kujua. Tena, zaidi ya askari 55,000 wa jeshi la eropleni za mabomu la Uingereza walikufa katika vita ile, na maelfu yao hawana kaburi lijulikanalo. Kwa watoto na wajukuu wao, mstari ule katika ngano ni mahali pa mwisho miguu ya baba yao ilipokanyaga nchi.