Karani, Inuka Kitini!

Kwetu watu wakimwona mfanyakazi wa ofisini ameanza kunenepa, husema, "Kazi imemkubali." Nami karani wa parokia niliambiwa hivyo, nikafurahi. Lakini mwaka ule ule nikaanza kutweta katika kilima cha kuja kanisani, ambacho zamani nilikipanda mbio. Hapo nikajiuliza: kazi imenikubali, ama kiti kimenishika?

Tutazame mji wetu wa Tunduma. Mchukuzi apakiaye magunia hutoka jasho tangu asubuhi. Mama achumaye kahawa huko Mbozi hutembea na kuinama siku nzima. Bali karani wa forodha, wakala wa mizigo, mwenye duka, na dereva wa lori angojaye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, hao hukaa. Wanakula ugali sawa na mchukuzi, na juu yake chai yenye sukari nyingi na maandazi. Chakula kisichotumika hakipotei. Mwili hukiweka akiba, na akiba yenyewe ndiyo kitambi. Baada ya kitambi mara nyingi hufuata kisukari na shinikizo la damu.

Haya si maneno matupu. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Hata katika posta, wagawaji wa barua waliugua kidogo kuliko makarani wa mezani. Mwaka 1956 Morris akatazama vipimo vya sare zao, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Kweli, kiti si sababu pekee. Chakula, tumbaku na urithi vina sehemu yao. Lakini kiti kina sehemu kubwa.

Basi tufanye nini? Hatuwezi kuacha kazi, maana watoto wataka ada. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, lashauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye kazi ya kiasi hicho, dakika 150 hadi 300 kila juma. Yaani nusu saa tu kwa siku, siku 5. Tena lashauri tupunguze kukaa.

Kila nusu saa inuka, jinyoshe. Faili ukalichukue mwenyewe, usimtume kijana. Simu ikilia, ongea umesimama. Ushuke bodaboda kabla ya kufika, umalizie kwa miguu. Jumamosi shika jembe pamoja na watoto. Punguza sukari katika chai. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na aulize daktari kwanza.

Mwili ni amana ya Mungu, na tena ni tegemeo la nyumba. Baba akianguka mezani, wanaolia si wale waliomsifu kitambi, bali mkewe na watoto wake.

Umekwisha kusoma? Basi inuka, umpelekee jirani gazeti hili kwa miguu.