Mkondo Ndio Uhai wa Matumbawe

Tumbawe halitembei kutafuta riziki. Mkondo ndio huliletea chakula na hewa, ukaliondolea na taka. Katika hodhi dogo la kioo, tuseme la lita 60, pampu moja huacha pembe zenye maji yaliyotuama, uchafu ukarundikana na kuoza. Afadhali pampu mbili ndogo zielekeane, mikondo ikutane na kutawanyika. Kwa pamoja zisukume walau lita 1,200 kwa saa. Moja ielekezwe juu kidogo ili uso wa maji utikisike na kupokea hewa, hasa usiku, ambapo mwani uishio ndani ya matumbawe hautoi oksijeni. Isilipige tumbawe moja kwa moja, kwani mkondo mkali huchuna nyama yake. Ndugu msomaji, zikague kabla ya kulala: zikizimika usiku, huenda alfajiri ukakuta samaki wamekufa.