Vyuo vikuu na bei ya mtungi wa maji

Ukitaja chuo kikuu, wazazi wengi wa Tassia hufikiria karo, mkopo wa HELB na kijana ambaye huenda akapata kazi baada ya miaka minne. Hiyo ni njia moja ya chuo kupunguza umaskini, nayo hukomboa nyumba moja moja. Iko njia nyingine isiyozungumzwa sana, na mfano wake uko kwa jirani zetu wa Mukuru.

Chukua maji. Mfereji ukikauka, tunanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Uniti moja kwenye bili ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Ukiuziwa mtungi kwa shilingi 5, uniti hiyo imekugharimu shilingi 250. Ukiuziwa kwa shilingi 20, imefika shilingi 1,000. Sasa tazama bili ya mtu mwenye mfereji wa kampuni ya maji, ulinganishe.

Hesabu za aina hiyo zilifanywa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, Akiba Mashinani Trust na Katiba Institute. Walipata kwamba mkazi wa Mukuru alilipia maji zaidi ya mara mbili ya bei ya mitaa iliyopangwa. Stima ilimgharimu zaidi pia, na hata kodi ya nyumba, ukiipima kwa ukubwa wa chumba. Wenyeji walijua haya kitambo, bila shaka. Lakini malalamiko ni vigumu kuyatengea pesa kwenye bajeti; kwa takwimu, afisa wa mipango ana pa kuanzia.

Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Upangaji. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Zaidi ya mashirika 40, vyuo vikiwemo, yaligawana kazi: afya, maji, nyumba, ardhi, fedha. Kaya zilizohusika zilizidi 100,000, kwa hivyo wakazi walipangwa kumi kumi ili sauti zao zifike.

Kigumu zaidi kilikuwa barabara. Kwa vipimo vya kawaida, kila barabara ingekula safu nzima za nyumba. Wapangaji waliketi na wenyeji, upana ukapunguzwa ili wahamishwe watu wachache iwezekanavyo. Kuanzia 2020, NMS ilianza kujenga barabara za ndani na kulaza mabomba.

Tusipambe mambo, hata hivyo. Mpango si hati ya kumiliki ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru ina hati za watu binafsi na kampuni, na mwishoni mwa 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga, mpango ukiwepo. Utafiti unaweza kuonyesha gharama ya umaskini. Kuamua ardhi ni ya nani ni kazi ya serikali na mahakama.

Kwa hivyo mwanafunzi akibisha mlango wako Tassia na fomu ya maswali, usimfukuze, ila muulize mambo matatu: anatoka chuo gani, kibali chake cha NACOSTI kiko wapi, na matokeo yatarudishwa lini kwa wakazi. Una haki ya kukataa kujibu. Usimpe nambari ya siri ya M-Pesa wala kumlipa chochote. Matokeo yakitoka, chama cha wakazi kiombe nakala na kuibeba kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, ambacho kaunti hulazimika kisheria kukiandaa kila mwaka.