NGUVU ZA FARASI NA NGUVU YA KUZUNGUSHA: Jinsi ya Kuzisoma Hesabu za Pikapu za Dizeli

Kila duka liuzalo motokaa mpya humpa mnunuzi karatasi yenye hesabu za injini. Katika karatasi hiyo mna hesabu mbili ambazo muuzaji hupenda kuzitaja kuliko nyingine zote: nguvu za farasi, na ile nguvu ya kuzungusha ambayo mafundi huiita torki. Wanunuzi wengi hutafuta hesabu iliyo kubwa kupita zote, huridhika nayo, na kutia sahihi. Kisha pikapu hufika nyumbani, hupakiwa magunia, na katika mlima wa kwanza mwenye mali huanza kujiuliza wale farasi wamekwenda wapi.

Tuseme wakulima kumi wa viazi wa Molo wameweka akiba yao pamoja, wakaongeza mkopo wa benki wa miaka minne, ili wanunue pikapu moja ya kupeleka viazi Nairobi. Pikapu hiyo italiteremkia Bonde la Ufa na kulipanda tena kila juma, na mkopo hauna budi kulipwa kwa mapato yake. Wakichagua vibaya watalipa mara mbili, kwanza benki, halafu fundi. Kwa hiyo yafaa wajue hesabu hizo mbili zasema nini, na mambo gani hazisemi.

Nguvu ya kuzungusha yajulikana kwa kila mtu aliyewahi kufungua nati ya gurudumu. Spana ikiwa fupi, nati hukataa. Mtu akichomeka bomba katika mpini ili uwe mrefu, nati hukubali, ijapokuwa mkono ni ule ule. Kipimo chake ni nyutoni-mita, nacho huandikwa Nm. Mtu akiukandamiza mpini wenye urefu wa nusu mita kwa uzito wa kilo 20, ameitia nati nguvu ya Nm 100 hivi. Wala si lazima nati izunguke. Hata ikikataa kabisa, nguvu ya kuisokota ipo. Injini nayo huisokota shafti yake kwa namna hiyo hiyo.

Nguvu za farasi ni jambo jingine. Hizo hupima kazi pamoja na muda uliotumika kuifanya. James Watt, fundi wa Scotland wa karne ya 18, alitaka wateja wake waelewe mashini yake ya mvuke yaweza kuchukua mahali pa farasi wangapi, na kipimo chake kimedumu mpaka leo. Kwa hesabu itumiwayo sana Japani na Ulaya, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua uzito wa kilo 75 kwa urefu wa mita 1 katika sekunde 1. Karatasi nyingine huandika kilowati. Kilowati 1 ni sawa na farasi 1.36.

Hesabu hizi mbili zimefungamana. Ukiizidisha nguvu ya kuzungusha, kwa Nm, mara idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 7,000, utapata nguvu za farasi kwa kadiri iliyo karibu sana na kweli. Basi torki kubwa katika mizunguko michache yaweza kuwa farasi wachache, na torki ndogo katika mizunguko mingi yaweza kuwa farasi wengi. Ndiyo sababu karatasi iliyoandikwa vizuri huweka kando ya kila hesabu idadi ya mizunguko ambayo hesabu hiyo hupatikana. Idadi hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, na aghalabu ndiyo yenye habari iliyo kubwa.

Zitazamwe injini mbili zinazoshindana kweli. Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.4 ina nguvu za farasi 150. Isuzu D-Max yenye injini ya lita 1.9 nayo ina farasi 150. Kwa hesabu hiyo peke yake ni sare. Lakini ile Toyota, katika toleo lake lenye torki kubwa, hutoa Nm 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000, na ile Isuzu hutoa Nm 350 kati ya mizunguko 1,800 na 2,600. Sasa ifanywe hesabu. Katika mizunguko 2,000 Toyota ina farasi 114, na Isuzu ina 100. Farasi 150 wa Toyota hupatikana kwenye mizunguko 3,400, na wale wa Isuzu kwenye 3,600. Basi injini hizi ni sawa kileleni tu; chini, mahali ambapo dereva wa mizigo hukaa muda mwingi wa siku yake, si sawa. Isuzu nayo ina jambo lake la kusifiwa: torki yake hukaa pale pale mpaka mizunguko 2,600, ambapo yatoa farasi 130. Dereva asiyeogopa kuiacha injini iimbe kidogo hatapungukiwa.

Ukubwa wa injini nao si ushahidi. Ford Ranger yenye lita 2 na turbo mbili ilitangazwa kuwa na Nm 500, hali Land Cruiser 79 yenye injini ya silinda nane na lita 4.5, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ilikuwa na Nm 430. Mtu angesema injini ndogo imeishinda kubwa. Lakini zile Nm 500 za Ford hupatikana kati ya mizunguko 1,750 na 2,000 tu, na zile 430 za Land Cruiser zilianza kwenye mizunguko 1,200 zikadumu mpaka 3,200. Moja ni kilele chembamba, na nyingine ni uwanda mpana. Mwenye kuvuta mzigo kutoka matopeni, gari likiwa karibu limesimama, huutaka uwanda.

Sasa turudi mlimani, maana huko ndiko maneno mengi ya mitaani hupotoka. Husemwa kwamba farasi ni wa mbio na torki ni ya mizigo. Neno hilo lina ukweli nusu. Gia huzidisha nguvu ya kuzungusha: ukiingiza gia ya pili, magurudumu husokotwa kwa nguvu zaidi kuliko katika gia ya nne, ila huzunguka polepole zaidi. Kwa njia hiyo injini dhaifu yaweza kuyapa magurudumu torki kubwa. Lakini hakuna gia duniani iongezayo farasi hata mmoja. Gia hubadilishana mwendo kwa msokoto, kama mtu avunjaye noti ya shilingi mia: sarafu huwa nyingi mkononi, lakini mali ni ile ile.

Pikapu yenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na mzigo wake, ikipanda mlima uinukao mita 8 kwa kila mita 100 za njia, huhitaji farasi 45 hivi magurudumuni ili iende kilomita 40 kwa saa. Ili iende kilomita 60 huhitaji karibu 70, na kwa kilomita 80 huhitaji 95. Mlima hauulizi torki ya karatasini; hudai farasi hao, katika mwendo huo. Faida ya torki kubwa ya chini ni kwamba farasi hao hupatikana injini ikiwa imetulia, na dereva habadilishi gia kila baada ya kona. Katika safari ya saa tano faida hiyo si ndogo, kwa mkono wa dereva na kwa klachi pia.

Yafaa pia kuuliza juu ya giaboksi. Mwaka 2020 Toyota iliiongezea nguvu injini yake ya lita 2.8 hata ikafika farasi 204. Pikapu yenye gia zijiingizazo zenyewe ilipewa Nm 500. Ile yenye gia za mkono ilipewa Nm 420. Injini ni ile ile. Mtu akiona tangazo la Nm 500, kisha akanunua ile ya gia za mkono kwa kuwa bei yake ni nafuu, hakununua kile alichokisoma.

Kwa wakulima wa Molo kuna jambo jingine ambalo karatasi huwa hailitaji, nalo ni hewa. Hesabu za injini hupimwa kwa hewa ya nchi za chini. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya tano kuliko hewa ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hiyo kama ilivyo, na hupungukiwa nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Land Cruiser 79 yenye injini ya lita 4.2 isiyo na turbo ina farasi 130 na Nm 285 karatasini. Huko juu yapasa mtu ahesabu kuwa na farasi wapatao 100 tu, tena katika mizunguko karibu ya mwisho. Turbo ni feni ndogo izungushwayo na moshi utokao katika injini, nayo huisukumiza hewa silindani. Kwa hiyo Hilux na D-Max hupoteza kidogo sana milimani, na zile farasi 150 dhidi ya 130 huwa tofauti kubwa zaidi ya ilivyoonekana dukani.

Hata hivyo si haki kuidharau ile injini ya lita 4.2. Imetengenezwa tangu mwaka 1990, na haikupendwa kwa ajili ya mbio. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia za chuma bila kompyuta, na fundi wa Lodwar au Marsabit aweza kuifungua na kuifunga tena kwa spana zake mwenyewe. Injini za siku hizi husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno katika nozeli zenye matundu membamba sana, na dizeli yenye maji au mchanga huziua upesi. Kutengeneza nozeli hizo ni gharama ambayo yaweza kumeza faida ya viazi vya msimu mzima. Mtu akaaye mbali na karakana kubwa ana sababu njema ya kuchagua farasi wachache. Molo si mbali hivyo na Nakuru, na barabara ni ya lami; hapo shauri ni jingine.

Huko Marekani mashindano ya hesabu hizi yamekuwa kama mashindano ya riadha. Mwaka 1989 kampuni ya Dodge iliweka katika pikapu yake injini ya dizeli ya Cummins yenye farasi 160 na torki ya Nm 540 hivi, na watu walistaajabu. Mwaka 2001 General Motors ilileta injini iitwayo Duramax, yenye farasi 300 na Nm 700. Ikafuata miaka ya kila kampuni kumpita mwenziwe kwa hatua ndogo, mpaka Ford, kwa toleo lake la mwaka 2023, ikatangaza farasi 500 na Nm zaidi ya 1,600. Pikapu hizo huvuta trela za tani nyingi katika barabara pana, na hesabu hizo zina kazi huko. Lakini hata huko wako wengi wanunuao ushindi wa karatasini kisha wakaenda nao dukani kununua mkate.

Kuna upande mmoja wa mlima ambao hesabu zote mbili hazisaidii, nao ni wa kuteremka. Pikapu ya wakulima wetu, ikipita njia ya chini, itatoka Limuru kurudi nyumbani kwa barabara ya Mai Mahiu, na huenda imepakia mbolea. Farasi 204 hawaishiki gari iteremkayo. Injini ya dizeli kwa asili yake hushika kidogo kuliko ya petroli dereva aondoapo mguu katika mafuta, kwa maana haina mlango wa kuizuia hewa isiingie. Kinachoshika ni gia ndogo. Dereva atumiaye breki peke yake toka juu hadi chini huzipasha moto mpaka zisishike tena, wala hatapewa onyo refu. Kanuni ya madereva wa zamani ya kuteremka kwa gia ile ile ambayo gari ingepandia bado ni nzuri, na kwa gari yenye gia zijiingizazo zenyewe dereva huichagua gia ndogo kwa mkono kabla mteremko haujaanza.

Wako madereva waitoao gia kabisa na kuliacha gari litelemke huru, wakisema wanaokoa mafuta. Katika injini mpya hesabu hiyo ni ya uongo hata kwa upande wa fedha. Gari ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa, kompyuta hufunga dizeli isiingie silindani kabisa, na magurudumu ndiyo yazungushayo injini. Gia ikitolewa, injini hulazimika kuchoma dizeli ili isizime. Kwa hiyo dereva huyo afikapo Mai Mahiu na breki zinazonuka, ametumia mafuta ambayo mwenziwe aliye nyuma yake katika gia ya pili hakuyatumia.