Lenzi za kimiminika: thamani iko kwenye tone

Lenzi ya kimiminika hailengi kwa kusogezwa mbele na nyuma. Hubadili umbo tu: ikituna inalenga karibu, ikilala inalenga mbali. Viwanda vinaipenda kwa sababu haina gia za kuchakaa. Cognex ya Marekani huiweka kwenye visomaji vya misimbopau, na mwaka 2021 Xiaomi ya China iliitia kwenye simu ya Mi Mix Fold.

Watengenezaji wawili wanaotajwa zaidi wameshika njia mbili. Varioptic ya Lyon, Ufaransa, iliyoanzishwa 2002 na baadaye kununuliwa na Corning ya Marekani, hutumia maji ya chumvi yanayopitisha umeme pamoja na mafuta yasiyopitisha. Volti zikibadilishwa, mpaka kati ya maji na mafuta hujipinda. Optotune ya Uswisi hutumia kimiminika kimoja nyuma ya utando unaonyumbuka. Kikisukumwa, utando hutuna.

Katika njia ya kwanza, mzigo mkubwa uko kwa mkemia. Maji na mafuta lazima yalingane densiti, la sivyo kani ya uvutano huvuta kimoja chini na picha ikapotoka. Papo hapo yanatakiwa yatofautiane katika kupinda mwanga: maji matupu yana kipimo cha 1.33, mafuta yakaribie 1.5. Yakiwa mazito, lenzi huchelewa kutulia. Chumvi ikiongezwa ili maji yasigande kwenye ghala la baridi, densiti nayo hupanda, na mafuta hutafutwa upya. Ndiyo maana michanganyiko hii hulindwa kwa hataza na usiri, na anayeimiliki ndiye anayepanga bei.

Lakini kwenye miwani, jicho la binadamu halidai kasi ya mashine. Joshua Silver, mwanafizikia wa Oxford, alitengeneza miwani yenye utando uliojaa mafuta ya silikoni, ambayo mvaaji huirekebisha mwenyewe kwa bomba la sindano mpaka aone vizuri, na kuijaribu Ghana, miongoni mwa nchi nyingine. Mafuta ya silikoni ni bidhaa ya kawaida viwandani. Kikwazo kimekuwa fremu: utando hutuna sawasawa ukiwa duara, na watu wengi hawapendi miwani ya duara kubwa.

Basi mtaji usiishie kwenye simu za kifahari. Mahali ambapo wapimaji wa macho ni wachache, fremu nyepesi na ya kupendeza kwa lenzi ya mafuta ya bei nafuu ingefungua soko pana, na ingewarudisha watu wengi darasani na kazini.